Je, neno “sabotage” lilizaliwa siku kiatu kilipotupwa ndani ya mashine?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimepewa kazi ya kufasiri kijitabu cha historia ya vyama vya wafanyakazi kutoka Kiingereza, na neno “sabotage” limejaa humo. Chuoni tulifundishwa kwamba lilianzia Ufaransa, wafanyakazi walipotupa viatu vyao vya mbao ndani ya mashine ili zivunjike. Mwenzangu anabisha, anasema ilikuwa Uholanzi. Ipi sahihi? Na kwa nini sisi tunasema “hujuma”, neno ambalo halina kiatu wala mashine ndani yake? Nikiandika “hujuma” kila mahali nitakuwa nimekosea? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nianze na jibu lenyewe, halafu nikueleze kwa nini nalishikilia. Kiatu kimo, mashine haimo. Neno limetoka kweli kwenye kiatu cha mti cha Wafaransa, lakini hakuna ushahidi wa mtu aliyekivua akakitumbukiza kwenye mtambo likazaliwa neno. Waliolipa maana ya kisiasa walikuwa na jambo la kimya zaidi akilini, ambalo kila mwajiri analiogopa na kila mfanyakazi amewahi kulifikiria: ukinilipa vibaya, nami nitafanya kazi vibaya. Kwa hiyo ndiyo, ukiandika “hujuma” kila mahali, kuna kurasa utakazozipotosha.

Kiatu chenyewe Wafaransa wanakiita “sabot”, na ile t ya mwisho haitamkwi, masikioni mwetu ni “sabo”. Kilichongwa kutoka pande moja la mti, bila ukanda, bila gundi, bila msumari. Mkulima alitia majani makavu ndani ili mguu usichubuke, akaingia nacho matopeni asubuhi, akatoka nacho jioni. Kilikuwa kiatu cha watu wa shamba na cha maskini wa mjini. Mwenye uwezo alivaa ngozi.

Msomaji wa pwani hana haja ya kwenda kwenye makumbusho ya Ufaransa ili aelewe kiatu cha namna hiyo. Bibi yangu, kule Pangani, alikuwa na mitalawanda yake ya kwendea msalani. Ubao uliofuata umbo la unyayo, chini visigino viwili vya mti, juu msuruaki unaopita kati ya kidole gumba na cha pili, kichwa chake cha mviringo kimelainika na kung'aa kwa kubanwa na vidole miaka nenda rudi. Alfajiri ulimsikia kabla hujamwona: ko, ko, ko, juu ya sakafu ya saruji, na sote tuliolala ukumbini tukajua bibi ameamka kutia udhu. Huwezi kunyata na mitalawanda, wala huwezi kukimbia nayo. Hatua inakuwa fupi, nzito, ya kelele. Sabo inafunika mguu wote na haina msuruaki, lakini mwendo wake ndio huohuo.

Na neno letu limeanzia hapo hasa, kwenye mwendo. Kutokana na “sabot” Wafaransa walipata kitenzi “saboter”, yaani kutembea kwa kishindo na viatu vya mti, kugongagonga. Mtu anayetembea hivyo anaonekana mzito, hana wepesi wala ustadi, na kitenzi kikaanza kusema hivyo hivyo juu ya kazi za mikono. Mapema katika karne ya 19 lugha ya mtaani ya Paris tayari ilikuwa na “saboter” kwa maana ya kufanya kazi haraka haraka na vibaya. Hadi leo Mfaransa akitaka kusema fulani anafanya kazi ovyo, au anapiga ala ya muziki ovyo, atasema anafanya “kama sabo”. Hakuna siasa humo. Ni kejeli ya kawaida ya watu wa mjini kwa mtu anayeonekana ameletwa jana kutoka shamba.

Kiswahili cha mtaani kinalo neno la jambo hilo, nalo limekaa sawasawa kabisa: kulipua. Fundi aliyepaka rangi mkupuo mmoja ukuta ukiwa bado na unyevu, amelipua. Mshonaji aliyekupa shati la sikukuu mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, amelipua. “Saboter” ya miaka ya 1800 ni kulipua kazi, si zaidi. Naomba ukumbuke kitenzi hiki, tutakirudia.

Kabla sijakiacha kiatu, nikupe ndugu yake mmoja anayeishi kwetu. Wanaochunguza asili ya maneno ya Kifaransa wanaona “sabot” ni mchanganyiko wa maneno mawili ya zamani, mojawapo likiwa “savate”, kiatu kilichochakaa. Ukoo huo wa “savate” umeenea kusini mwa Ulaya: Wahispania wana “zapato”, Waitaliano “ciabatta”, Wareno “sapato”. Wareno walipokuja pwani yetu walituachia hilo la kwao, na ndilo hili “sapatu” lililomo katika kamusi zetu kwa maana ya kiatu chepesi cha wazi. Kwa hiyo bibi aliposema “nipe sapatu zangu”, alikuwa anatumia binamu wa neno ambalo wewe leo unahangaika kulifasiri. Mimi mambo haya hunifurahisha kupita kiasi, na naomba univumilie.

Lakini “sabot” haikuishia miguuni. Kwa Kifaransa ni kwato ya farasi pia, ni ile pia ya mti ambayo watoto huizungusha, na siku hizi ni hata kile chuma kinachofungiwa gurudumu la gari lililoegeshwa pasipostahili. “Sabotage” nayo, katika kamusi za Kifaransa za karne ya 19, ilikuwa kazi halali kabisa: kutengeneza viatu vya mti, na, kwa watu wa reli, kuchonga mataruma, yaani magogo ya kulalia reli, ili vyuma vya kushikilia reli vikae vizuri. Hii ya mataruma imezaa hadithi nyingine, kwamba neno limetokana na wafanyakazi wa reli waliokata vishikio hivyo wakati wa mgomo. Nayo haisimami, kwa sababu neno lilikuwa limeshatumika kwa maana ya mapambano ya kazi miaka mingi kabla ya mgomo wanaoutaja.

Sasa hiyo hadithi ya kiatu ndani ya mashine. Ni tamu, inaonekana machoni mara moja, na ndiyo maana walimu wanaipenda. Imeingia hadi kwenye filamu. Lakini iulize maswali mawili tu. Kwanza, ni kiwanda gani, mji gani, mwaka gani? Kila anayeisimulia anaiweka anapotaka: huyu Lyon, yule Uholanzi, mwingine miaka mia mbili kabla ya mwingine. Pili, kama neno lingezaliwa siku hiyo, lingeonekana kwenye maandishi ya wakati huo. Halionekani. Watu walivunja mashine kweli, hilo halina ubishi. Kule Uingereza, kuanzia 1811, mafundi wa kufuma walioitwa Luddites waliingia viwandani usiku na kuvunja mashine za kufumia, na mwaka 1812 Bunge likatunga sheria ya kuwanyonga waliovunja. Lakini hao walibeba nyundo. Mtu aliyekusudia kuvunja chuma hachukui kiatu chake. Na ghasia hizo zote za mwanzo wa karne ya 19 hazikuitwa “sabotage” na mtu yeyote aliyeziona. Maana ya mapambano inajitokeza mwishoni mwa karne, miaka ya 1890, ikiwa na watu wenye majina na mikutano yenye tarehe.

Rafiki yako anayeshikilia kwamba ilikuwa Uholanzi mjibu kwa upole kwamba Waholanzi kweli huvaa viatu vya mti, na dunia nzima inawajua kwa hivyo, lakini kiatu hicho wao wanakiita “klomp”. Kama neno lingetoka kwao lingekuwa na “klomp” ndani. Neno “sabotage” wanalo, ila wamelichukua kwa Wafaransa kama wengine.

Hapa sasa ndipo historia yenyewe ilipo, na ningependa tukae kidogo.

Mwaka 1889 makuli wa bandari ya Glasgow, Scotland, waligoma wakidai nyongeza ya ujira. Waajiri wakaleta vibarua kutoka mashambani, mgomo ukavunjika, makuli wakarudi kazini kwa ujira uleule wa zamani. Kabla hawajarudi, katibu wa chama chao aliwakusanya. Kwa namna inavyosimuliwa, aliwaambia hivi: waajiri wamesema wameridhika na wale vibarua wa mashambani. Sisi tumewaona kwa macho yetu. Hawakujua hata kutembea juu ya meli, nusu ya mizigo waliiangusha, na wawili wao hawakuweza kazi ya mmoja wetu. Basi kama hao wanaridhisha, nasi tufanye kazi kama wao. Kitu kimoja tu tusiwaige: walikuwa wakitumbukia majini, hilo si lazima. Makuli wakafanya hivyo siku chache. Mizigo ikapanda taratibu, ikaanguka, ikapangwa vibaya. Haikupita muda waajiri wakamwita katibu, wakamwomba awaambie watu wake wafanye kazi kama zamani, na nyongeza wakaitoa. Mbinu hiyo Waskoti waliipa jina la kwao, “ca' canny”, maana yake nenda pole, nenda kwa hadhari.

Aliyeichukua habari hiyo na kuivusha bahari alikuwa Émile Pouget, Mfaransa aliyezaliwa 1860 na kufariki 1931, mwanaharakati asiyeamini serikali yoyote na mwandishi mwenye kalamu kali. Tangu 1889 alikuwa akitoa gazeti la kila wiki, “Le Père Peinard”, lililoandikwa kwa Kifaransa cha vichochoroni cha Paris, na msemaji wake wa kubuni alikuwa mzee mmoja fundi viatu. Mwezi Septemba 1897 shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Ufaransa, CGT, lililokuwa na miaka miwili tu tangu kuasisiwa, lilifanya mkutano mkuu mjini Toulouse. Pouget na wenzake wakapeleka taarifa ikipendekeza silaha mbili. Moja ilikuwa kususia bidhaa, jambo ambalo dunia ilikuwa imeshalipa jina la Kapteni Boycott, msimamizi wa mashamba kule Ireland aliyesusiwa mwaka 1880. Ya pili ilikuwa ile ya makuli wa Glasgow, na kwa hiyo walihitaji jina la Kifaransa. Wakachukua neno la mtaani lililokuwepo, la kulipua kazi. “Sabotage.” Mkutano ukaunga mkono.

Kaulimbiu yake aliiandika kwa maneno machache: kwa malipo mabaya, kazi mbaya.

Naomba uone alichofanya Pouget, maana watu wengi wanapita hapo bila kusimama. Kejeli iliyokuwa inamdhalilisha mtu wa viatu vya mti, mshamba asiyejua kazi, aliigeuza ikawa uamuzi. Kuli wa Glasgow aliyeangusha gunia alijua kulibeba. Uzembe wake ulikuwa ustadi, na kulipua kwake kulikuwa mahesabu. Sitaki kumpamba Pouget kupita kiasi, kwa kuwa hakukataza kuharibu zana, na katika maandishi yake ya baadaye aliitaja mifano ya kuharibu zana bila aibu. Lakini moyo wa neno ulikuwa kupunguza kazi, wingi wake au ubora wake. Kwetu jambo hilo lina jina ambalo kila mtumishi analijua: mgomo baridi. Watu wapo kazini, wameweka sahihi, wamekaa mezani, na hakuna kinachosogea.

Waingereza walilipata neno kwa mlango wa habari za magazeti. Oktoba 1910 wafanyakazi wa reli wa Ufaransa waligoma. Waziri Mkuu Aristide Briand akawaita jeshini kwa amri, ili anayegoma ahesabiwe ni askari aliyekataa wito. Nyaya za ishara na za simu zikakatwa sehemu mbalimbali. Waandishi wa London wakawa wanaripoti “sabotage”, wakiliweka katikati ya alama za kunukuu kama neno la kigeni, na wasomaji wao wakalikuta kwa mara ya kwanza likiwa limeambatana na nyaya zilizokatwa. Wewe na mimi tunajua kwamba lilikuwa na miaka kumi na mitatu ya maisha kabla ya hapo. Wao hawakujua. Naona upotofu wote wa baadaye umeanzia kwenye utambulisho huo.

Hata matamshi yake yanaonyesha lilivyochelewa kufika. Tazama maneno ya Kiingereza yaishiayo kwa “age” kama “village”, “courage” na “damage”. Hayo yaliingia zama za kati, baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, na karne zimeyasaga hadi mwisho wake unatamkwa “ij”. Lakini “sabotage”, sawa na “massage” na “camouflage”, bado yana ile sauti laini ya Kifaransa mwishoni kwa sababu yamefika juzi. Kiswahili hakina sauti hiyo, ndiyo maana tulipochukua maneno ya namna hii tuliyatia j na irabu tukaendelea na safari: gereji, masaji.

Upande wa pili wa Atlantiki neno lilipokewa na chama cha wafanyakazi cha IWW, kilichoasisiwa Chicago mwaka 1905. Hao ndio walioirudisha sabo hadharani: kiatu cha mti kilichorwa kwenye stika na vibonzo vyao, pamoja na paka mweusi mwenye mgongo uliokunjika. Sitashangaa kama ni picha hizo zilizowafanya watu waanze kuamini kiatu kilitupwa mahali fulani. Ukimchorea mtu kiatu kando ya mtambo, akili yake itamalizia yenyewe. Lakini maelezo ya maandishi ya wanachama hao yalikuwa mengine. Elizabeth Gurley Flynn, msemaji wao hodari, aliandika kijitabu kilichotoka mwaka 1916, na ndani yake “sabotage” ni kupunguza wingi wa kazi, au kuharibu ubora wake, au kutoa huduma mbovu, na alisisitiza kwamba si ukatili wa kumdhuru mtu. Kama kijitabu chako kinazungumzia Marekani ya miaka hiyo, kuna uwezekano mkubwa kinamnukuu yeye, na hapo “hujuma” itamsingizia.

Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyolibadilisha neno moja kwa moja. Usiku wa tarehe 30 Julai 1916, bohari ya silaha ya Black Tom, kwenye bandari ya New York, ililipuliwa na mawakala wa Ujerumani. Mlipuko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Sanamu ya Uhuru iliyo jirani iliharibika, na tangu hapo wageni hawaruhusiwi kupanda hadi kwenye mwenge wake. Mwaka 1918 Marekani ikatunga sheria yenye jina la “sabotage”, na mwaka huohuo viongozi wa IWW wakahukumiwa Chicago kwa makosa ya kupinga vita. Neno lililokuwa la mfanyakazi dhidi ya mwajiri likawa la adui dhidi ya taifa. Mchukuzi anayekwenda pole na jasusi mwenye baruti wakawekwa kwenye kapu moja, na sina shaka waajiri waliridhika sana na kapu hilo.

Hapo ndipo nakurudisha kwenye kulipua. Kitenzi chetu kimoja kinabeba kazi mbovu na bomu kwa pamoja: fundi amelipua, na daraja limelipuliwa. Njia iliyowachukua Wafaransa na Waingereza miongo kadhaa kuipita, kutoka kazi mbovu hadi baruti, sisi tunayo ndani ya mzizi mmoja.

Jambo la ajabu ni kwamba maana ya kwanza haikufa. Mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, shirika la kijasusi la Marekani, OSS, lilitayarisha mwongozo wa siri wa hujuma ndogondogo kwa raia wa nchi zilizokaliwa na adui. Humo, pamoja na mambo ya kuharibu injini, kuna ushauri kwa watu wa ofisini: shikilia kila jambo lipite ngazi zote, toa hotuba ndefu, peleka mambo kwenye kamati, bishaneni juu ya maneno ya muhtasari wa kikao, itisheni mikutano wakati kuna kazi ya haraka. Hiyo ni Glasgow tupu, imehamia tu kwenye meza na mafaili.

Kusini mwa Afrika neno lilibeba uzito mwingine kabisa. Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la chama cha ukombozi cha ANC cha Afrika Kusini, ilipoanza mashambulizi yake tarehe 16 Desemba 1961, ililenga majengo na mitambo ya serikali, ikikusudia kuepuka kumwaga damu. Mwaka uliofuata serikali ya makaburu ikatunga sheria iliyofahamika kwa jina hilohilo la “sabotage”, yenye adhabu hadi kifo. Katika kesi ya Rivonia, Nelson Mandela alisimama kizimbani tarehe 20 Aprili 1964 na hakukana kwamba alipanga vitendo hivyo. Alieleza kwa nini. Tarehe 12 Juni yeye na wenzake wakahukumiwa kifungo cha maisha. Ukifasiri habari za Rivonia, “hujuma” ni neno sahihi, ingawa utahitaji kuangalia sentensi isionekane inamlaani anayesema.

Nije sasa kwenye “hujuma” yenyewe. Inatokana na Kiarabu “hujum”, shambulio, kuvamia. Waarabu wenyewe kwa “sabotage” wanasema “takhrib”, kutoka mzizi uliotupa sisi “haribu”. Kwa hiyo tungeweza kufuata njia yao tukawa na neno la uharibifu. Hatukufuata. Tulichukua neno la vita, la kumvamia mtu, tukalipa kazi ya kueleza uharibifu wa kificho. Ndiyo maana “hujuma” masikioni mwetu ni nzito kuliko “sabotage”: ndani yake kuna mshambuliaji na mshambuliwaji, kuna nia mbaya, na mara nyingi kuna msaliti.

Uzito huo Watanzania wa rika langu waliuonja mwaka 1983. Nilikuwa darasa la tano. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa ameanzisha msako wa walanguzi na wenye kuficha bidhaa, na Redio Tanzania kila jioni ilitaja “wahujumu uchumi”. Usiku mmoja nilitoka nje kujisaidia, nikaona taa ya chemli inayumba uani kwa jirani yetu mwenye duka. Alikuwa amechimba shimo nyuma ya mgomba, anashusha katoni za sabuni moja moja, mkewe akimpokeza. Hakuna aliyesema neno. Harufu ya sabuni ya kufulia na udongo mbichi ninayo puani hadi leo. Asubuhi nilimuuliza baba kama jirani ni mhujumu, akanitazama kwa muda mrefu, akanituma maji.

Sheria ya mwaka huo, kwa Kiingereza, ilikuwa na neno “sabotage” katika jina lake. Mwaka uliofuata, 1984, ikaja sheria nyingine badala yake, na kwenye jina la Kiingereza “sabotage” likaondoka, pakabaki uhalifu wa kiuchumi na wa kupangwa. Lakini Kiswahili hakikuliachia lake. Hadi leo, muulize mtu yeyote aliyefika mahakamani, atakuambia fulani ana kesi ya uhujumu uchumi. Divisheni ya Mahakama Kuu iliyoanzishwa 2016 kwa mashauri hayo, ambayo Kiingereza kinaiita ya rushwa na makosa ya kiuchumi, kwa Kiswahili ni ya rushwa na uhujumu uchumi. Yaani mabaki ya kiatu cha mkulima wa Kifaransa yameondoka kwenye jina la Kiingereza, na kivuli chake kimebaki kwenye Kiswahili, kikiwa kimevaa kanzu ya Kiarabu.

Kwa kazi yako, basi, nakushauri uanze kwa kupiga mstari chini ya kila “sabotage” na kuandika pembeni mwaka na nani anaisema. Pale anaposema mfanyakazi wa kabla ya 1914 kuhusu mbinu yake mwenyewe, andika “mgomo baridi”, au ukitaka kubakiza ladha ya karakana, “kulipua kazi kwa makusudi”. Usisahau hilo “kwa makusudi”, maana bila hilo utarudi kwenye uzembe. Pale mwajiri, jaji au gazeti linapomtuhumu mfanyakazi huyohuyo, “hujuma” inafaa, kwa sababu anayesema anataka isikike kama shambulio. Kwenye kurasa za vita, “hujuma” bila wasiwasi. Mara ya kwanza kabisa neno linapotokea, libakize lenyewe, “sabotaji” kwa tahajia yetu, na ulieleze kwa sentensi moja yenye Toulouse na 1897 ndani yake. Na endapo mwandishi wa kijitabu chako ameweka ile hadithi ya viatu kutupwa mashinani, ifasiri kama alivyoiandika, maana maneno ni yake, kisha tia tanbihi fupi yenye jina lako.